Chokaa, jasi na barabara inayoumuka

Katikati ya miaka ya 1970, mjini Las Vegas katika jimbo la Nevada nchini Marekani, barabara ya Stewart Avenue ilijengwa juu ya udongo wa mfinyanzi uliochanganywa na chokaa. Kazi ilikuwa ya kawaida kabisa. Wahandisi walikuwa wameitumia chokaa kwa miaka mingi kuituliza mifinyanzi korofi, ile inayovimba mvua ikinyesha na kupasuka jua likiwaka. Miaka michache baadaye lami ilianza kuinuka. Matuta yakajitokeza, nyufa zikafuata, na sehemu zilizoharibika zilipochimbuliwa ikaonekana kwamba kilichovimba ni lile tabaka lenyewe lililotiwa dawa.

James K. Mitchell, profesa wa uhandisi wa udongo katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alilieleza suala hili mwaka 1984 katika mhadhara wa heshima wa Terzaghi, uliochapishwa mwaka 1986. Ndani ya udongo ule zilikutwa fuwele za madini mawili: etringaiti na thaumasaiti. Tahadhari ilikuwa imekwisha kutolewa Uingereza mwaka 1962, pale P. T. Sherwood alipoonyesha maabara jinsi salfeti, yaani chumvi zenye salfa na oksijeni, inavyoharibu udongo ulioimarishwa kwa saruji au chokaa. Ila kati ya maabara na greda kuna umbali mrefu.

Nalieleza jambo hili polepole kwa sababu linaeleweka vibaya hata na watu wa kazi yenyewe. Barabara ikiumuka, la kwanza kusemwa ni kwamba chokaa ilikuwa mbovu, au kwamba mkandarasi kapunja vifaa. Inawezekana. Lakini inawezekana pia kwamba chokaa ilikuwa safi, kipimo kilikuwa sahihi, ushindiliaji ulikuwa mzuri, na barabara ikaumuka vilevile. Kwenye udongo wenye salfeti, chokaa nzuri ndiyo inayouchochea uvimbe.

Tuanze na kazi ya chokaa yenyewe. Chembe za mfinyanzi ni bapa na nyembamba mno, zimepangana kama kurasa. Uso wake una chaji hasi, hivyo hushika maji na kuyaingiza katikati ya kurasa. Ukiuchanganya na chokaa, kalsiamu inavamia nyuso hizo, chembe zinakusanyika kuwa punje, na ndani ya saa chache udongo uliokuwa ukining'inia kwenye buti kama ugali mbichi unakuwa mkavu, wenye kumomonyoka, unaokubali kushindiliwa. Aliyewahi kushika huo udongo asubuhi na kuushika tena jioni hasahau tofauti yake mkononi.

Hatua ya pili ni ya polepole. Chokaa hupandisha pH ya maji ya udongo, kile kipimo cha asidi na alikali, hadi karibu 12.4. Katika ukali huo wa alikali mfinyanzi wenyewe huanza kuyeyuka: silika na alumini zilizokuwa zimefungwa ndani ya kurasa zake zinaachiwa. Zikikutana na kalsiamu zinatengeneza gundi inayofanana na ile ya saruji iliyokauka, na gundi hiyo huendelea kukomaa kwa wiki na miezi. Ndiyo inayoipa barabara nguvu.

Tatizo linaanzia hapohapo. Alumini iliyoachiwa haina mwenzi mmoja tu. Kama kwenye udongo kuna salfeti, na mara nyingi salfeti hiyo hutoka kwenye jasi, madini laini meupe ya kalsiamu na salfeti, basi kalsiamu, alumini, salfeti na maji vinajiunga kutengeneza etringaiti. Hesabu yake ni hii: kalsiamu 6, alumini 2, salfeti 3, haidroksili (jozi ya oksijeni na haidrojeni) 12 na molekuli 26 za maji. Ukihesabu na yale maji yaliyofungwa kama haidroksili, karibu nusu ya uzito wa etringaiti ni maji. Madini haya yalipewa jina la kijiji cha Ettringen nchini Ujerumani, yalikoelezwa mwaka 1874 kutoka kwenye mawe ya volkano. Umbo lake ni la sindano nyembamba, na sindano hizo hukua zikisukuma kila kilichoko mbele yake.

Kwa nini etringaiti haiharibu saruji? Kila mfuko wa saruji unaouona dukani una jasi ndani yake, asilimia chache, iliyosagwa pamoja na klinka, yale mawe yaliyochomwa tanurini, ili zege lisigande mikononi mwa fundi. Ukimwaga maji, etringaiti inaanza kuundwa dakika hiyohiyo. Lakini zege bado ni laini, linajipanga upya, sindano zinapata nafasi zake bila kumsukuma mtu. Fuwele ni zilezile, na kemia ni ileile. Tofauti ni wakati. Etringaiti inayozaliwa kabla kitu hakijagandamana haina madhara. Inayozaliwa baada ya kugandamana inatafuta pa kwenda, na kwenye barabara, pa kwenda ni juu. Ukilishika hilo, karibu kila kanuni ya kazi hii inaeleweka.

Sasa tupige hesabu, maana bila namba mambo haya yanabaki hewani. Chukua mita moja ya ujazo ya udongo ulioshindiliwa, wenye uzito mkavu wa kilo 1,700. Tuseme una salfeti sehemu 8,000 kwa milioni, yaani asilimia 0.8. Hiyo ni kilo 13.6 tu za salfeti. Lakini kila gramu 1 ya salfeti ikitumika yote huzaa gramu 4.4 hivi za etringaiti, kwa hiyo utapata takriban kilo 59. Etringaiti ni nyepesi, msongamano wake ni kama 1.78, basi kilo hizo zinachukua lita 33. Jasi iliyotoa salfeti hiyo ilikuwa imechukua lita 10 au 11 hivi. Kilichokuwa kimetulia kama jasi sasa kinadai nafasi mara tatu, na maji mengi yanayojenga fuwele hizo yanaweza kuwa yameingia kutoka nje, kwenye mtaro au kwenye mvua.

Mtu atasema: lita 33 katika lita 1,000 ni kitu gani? Kwenye tabaka la sentimita 30 ni kama sentimita 1. Ni kweli, lau jasi ingekuwa imesambaa sawasawa kama chumvi kwenye supu. Jasi haisambai hivyo. Hukaa kwa mishipa na vifuko: hapa hakuna kitu, hatua tatu mbele kuna utepe mweupe unene wa kidole. Penye utepe kiasi chaweza kuwa mara nyingi zaidi ya wastani. Tena maji ya ardhini huyeyusha jasi kutoka kando na kuileta kwenye tabaka la chokaa, kwa hiyo salfeti uliyoipima siku ya ujenzi siyo yote itakayofika. Na sindano zikikua hazijazi nafasi kwa nidhamu, zinatenganisha punje na kuacha matundu, na matundu yanakaribisha maji mengine. Ndiyo maana barabara za namna hii hazipandi zote kwa pamoja. Zinakuwa na migongo na matuta ya hapa na pale, na msafiri anadhani anapita juu ya mizizi ya miti.

Thaumasaiti ni ndugu wa karibu wa etringaiti, anayechukua silika mahali pa alumini na kuongeza kaboneti. Hupenda baridi, chini ya nyuzi 15 hivi, na anapoingia hula ile gundi ya silika yenyewe, hivyo tabaka halivimbi tu bali linalegea. Kwetu kwenye joto hana nafasi kubwa, kwa hiyo simwongelei zaidi.

Swali linalofuata ni la haki: si wangepima kwanza? Mara nyingi hupimwa. Na hapa kuna mtego ambao kila mhandisi kijana anapaswa kuufahamu, kwa sababu majibu ya maabara yanaweza kuwa sahihi kabisa na bado yakakupoteza.

Kupima salfeti inayoyeyuka, unachukua udongo, unauchanganya na maji, unatikisa, unachuja, unapima kilichomo kwenye maji. Jasi lakini ni mvivu wa kuyeyuka. Lita moja ya maji hubeba gramu 2.5 hivi za jasi, sawa na gramu 1.4 au 1.5 za salfeti, kisha inakataa kuchukua zaidi. Sasa tuseme maabara yako inatumia maji lita 2 kwa kilo 1 ya udongo. Maji hayo yote yatabeba gramu 3 za salfeti kwa wingi wake, yaani sehemu 3,000 kwa milioni au pungufu kidogo. Udongo uwe na 5,000, uwe na 20,000, jibu litakuja lilelile: chini kidogo ya 3,000. Na 3,000 ndiyo namba ambayo miongozo ya Marekani huichukua kama mpaka wa chini, ambapo ukiwa chini yake hatari huhesabiwa kuwa ndogo. Ripoti itasomeka salama kwenye udongo ambao ungeivunja barabara vipande vipande.

Kwa sababu hiyo idara ya barabara ya jimbo la Texas, ambako tatizo hili limeumiza watu sana kwenye mifinyanzi ya kuzunguka Dallas, inatumia maji sehemu 20 kwa sehemu 1 ya udongo. Kwa uwiano huo jasi inapata maji ya kutosha kuyeyukia. Ukiletewa ripoti ya salfeti, usisome namba kwanza. Uliza maji yalikuwa kiasi gani. Kama maabara haiwezi kukujibu, namba hiyo haina thamani kwako.

Idadi ya sampuli ni jambo zito vilevile. Kwa udongo ambao jasi yake imejificha kwa vifuko, shimo moja kwa kila kilomita ni sawa na kurusha jiwe gizani. Afadhali mashimo mengi yenye vipimo rahisi kuliko mashimo matatu yenye ripoti nene.

Kuna udongo mwingine ambao hata maji mengi hayakuokoi, kwa kuwa siku ya kupima salfeti yenyewe bado haijazaliwa. Uingereza ililipata somo hilo kwenye barabara kuu ya M40, karibu na Banbury. Tabaka la mfinyanzi unaoitwa Lias lilitiwa chokaa, na katika majira ya baridi ya 1989 kuingia 1990 likavimba kabla magari hayajaanza hata kupita. Mfinyanzi ule una pairaiti, madini ya chuma na salfa yanayometa kama dhahabu bandia. Ukiwa chini ya ardhi bila hewa, pairaiti imelala. Ukiuchimba, ukauvurugavuruga na kuupitisha hewani, salfa inaungua polepole na kuwa salfeti. Kipimo cha salfeti peke yake hakiioni. Unatakiwa kupima salfa yote iliyomo kisha uzidishe mara 3, na hiyo ndiyo salfeti inayoweza kutokea siku za usoni. Mfinyanzi wa rangi ya kijivu iliyokolea, uliotolewa chini sana na wenye harufu ya yai bovu, unastahili kipimo hicho bila mjadala.

Jambo hili linatuhusu vipi sisi wa Afrika Mashariki? Tuna udongo mweusi wa mbuga, ule wanaouita pamba nyeusi, kwenye nyanda za Athi, uwanda wa Kano na mabonde mengi ya Tanzania, na chokaa ni miongoni mwa dawa zake zinazopendekezwa. Wakati huohuo tuna jasi. Makanya wilayani Same, Itigi mkoani Singida, Kilwa kule kusini, Kajiado upande wa Kenya: hizi ni sehemu ambazo jasi huchimbwa, na viwanda vya saruji vinajua njia ya kufika huko. Haina maana kwamba kila mbuga yetu imejaa jasi. Nyingi hazina. Lakini penye lori linalobeba jasi, mtu wa barabara za jirani hapaswi kuagiza chokaa kabla hajapima. Ndugu zetu walioko Oman na Ghuba nao wanaishi na udongo wa sabkha, ile tambarare ya chumvi kandokando ya bahari ambako jasi ni ya kawaida.

Ukiwa kwenye shimo na umeona madoa meupe ndani ya udongo mweusi, usiseme haraka kwamba ni jasi, wala usiseme siyo. Udongo wetu mweusi una vijiwe vingi vyeupe vya chokaa ya asili, na hivyo havina ubaya huo. Okota kijiwe, kisugue kwa ukucha. Jasi inakwaruzika kwa ukucha na kuacha unga. Kijiwe cha chokaa kigumu hakikwaruziki hivyo. Kisha kisage kidogo na udondoshee asidi dhaifu, hata maji ya ndimu yanaweza kukupa fununu. Chokaa ya asili inatoa povu, jasi inanyamaza. Jasi iliyoota vizuri huwa angavu, na ukiielekeza juani inang'aa kama kipande cha kioo. Jaribio hili la dakika mbili halichukui nafasi ya maabara. Linakuambia tu ni wapi pa kuchota sampuli, na hiyo ni nusu ya kazi.

Tofauti nyingine ya kutazama ni majira. Mfinyanzi wa kawaida unaovimba kwa maji hurudi chini kiangazi kikikolea, ndiyo maana barabara juu yake hupanda na kushuka mwaka hadi mwaka. Uvimbe wa etringaiti haurudi. Tuta lililotokea wakati wa masika litakukuta hapohapo kiangazi, na huenda mvua zijazo zikaliongeza.

Ikiwa udongo umepimwa na una salfeti, yapo ya kufanya. Pale ilipozidi sehemu 8,000 kwa milioni, miongozo ya Marekani inashauri kwa jumla kuachana na chokaa na saruji, na mimi naona ni ushauri wa kufuatwa: ondoa udongo ulete kifusi kizuri, au uufunike kwa tabaka nene la mchanga na changarawe, au ubadili mchoro wa barabara. Kati ya 3,000 na 8,000 kuna nafasi ya kujadiliana, na hapo ndipo lile suala la wakati linapokuwa dawa.

Mpishi wa maandazi hauingizi unga kwenye mafuta mara tu anapomaliza kuukanda. Anauacha uumuke, ndipo anaukata. Udongo nao hufanyiwa vivyo hivyo. Unachanganya chokaa, unamwaga maji zaidi ya yale ambayo ungeyahitaji kwa kushindilia, asilimia 3 hadi 5 zaidi, halafu unauacha siku 3, hata 7 kama salfeti ni nyingi, ukiulinda usikauke. Maji mengi yanayeyusha jasi, etringaiti inazaliwa ikiwa udongo bado ni legelege, sindano zinakaa zinapotaka. Baada ya hapo unauchanganya tena, unapima kilichobaki, unashindilia. Jambo gumu hapa ni subira ya watu. Mkandarasi ana greda la kukodi linalohesabiwa kwa siku, na msimamizi anataka kuona kilomita. Siku hizo zisipoandikwa kwenye mkataba na kulipiwa, zitaibwa, na aliyeziiba hatakuwapo barabara itakapoumuka.

Wengine hugawa chokaa mara mbili, nusu mwanzo na nusu baada ya kusubiri. Sipendi sana njia hii kwenye udongo wa jasi. Nusu ya pili inarudisha pH juu na kuleta kalsiamu mpya, na kama salfeti imebaki, mmenyuko unaanza upya, safari hii tabaka likiwa limekwisha kushindiliwa.

Kuna wanaodhani saruji inayostahimili salfeti itawaokoa. Haiwaokoi. Saruji hiyo imetengenezwa kwa alumini kidogo ili zege lisidhurike, lakini kwenye mfinyanzi alumini haitoki kwenye saruji, inatoka kwenye mfinyanzi wenyewe, na saruji yoyote inapoganda huachia chokaa yake. Ni kama kufunga mlango wa mbele na kuacha wa uani wazi.

Kilichoonyesha matumaini ya kweli ni slagi ya tanuri za chuma, yaani masalia yanayobaki chuma kinapoyeyushwa, iliyosagwa laini. Mwishoni mwa miaka ya 1990, S. Wild, J. M. Kinuthia na wenzao huko Wales walionyesha kwamba ukiondoa sehemu kubwa ya chokaa na kuweka slagi, uvimbe unapungua sana kwenye mfinyanzi wenye salfeti. Sababu yake inaeleweka kwa urahisi: slagi ina silika na kalsiamu zake, inahitaji chokaa kidogo tu ya kuiamsha, hivyo kalsiamu huru ni chache na gundi inajengeka bila kuuyeyusha mfinyanzi kupita kiasi. Usafirishaji wake ndio swali kwa nchi isiyoyeyusha chuma kwa wingi.

Na kama barabara imekwisha kuumuka? Kishawishi cha kwanza ni kukwangua tuta na kumwaga lami mpya juu yake, maana wananchi wanalalamika. Lakini etringaiti inakua hadi kimojawapo kati ya salfeti, alumini, chokaa na maji kimekwisha. Ukikwangua kabla ya hapo, tuta litarudi kupitia lami mpya. Cha kuanza nacho ni maji: zibua mitaro, ziba nyufa, tafuta bomba linalovuja, zuia umwagiliaji wa bustani za kando. Kisha chimba shimo kwenye tuta na jingine pasipo na tuta, pima salfeti na pH kwenye yote mawili, ujue ni kiasi gani cha chakula kimebaki. pH ikishuka chini ya 10 hivi, etringaiti haipati tena mazingira yake.

Halafu weka alama za misumari kwenye lami, pima kimo chake kwa mashine ya leveli kila mwezi, andika kwenye daftari moja lisilohama na mhandisi anayehama. Mimi nisingemwaga lami mpya mpaka misimu miwili ya mvua ipite na misumari ikiwa imetulia pale ilipo.